Poti ya Rais na Mkono wa Nanang

Kapitan alikuwa ameshawapakulia wenzake bakuli la pili la uji wa kuku wenye tangawizi, na alikuwa katikati ya kuwasimulia alivyokipata kile chombo cha kaure, cheupe, chenye maua ya buluu, mfuniko na mshikio mmoja ubavuni, katika duka la vitu vya kale la mtaa wa pili. Ndipo Manang Puring, muuza kahawa, alipofuta mikono kwenye aproni, akainama, akakitazama chombo kwa chini, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka shari kama Kapitan anajua anawapakulia watu kutoka kwenye nini. Kapitan akasema ni bakuli la supu la zama za Wahispania, amelinunua mahsusi kwa ajili ya mgeni wake wa leo mchana. Manang Puring akasema hapo kwenye zama za Wahispania hakudanganywa. Bibi yake mzaa mama alikuwa nalo kama hilohilo, chini ya kitanda. Ni arinola. Ni poti ya kukojolea usiku.

Kijiko cha Konsehal kilisimama hewani, nusu ya safari kutoka bakulini kwenda mdomoni.

— Mimi nimekula mawili, alisema taratibu, kama mtu anayetoa maelezo polisi.

— Mimi matatu, alisema Breki. Lakini uliiosha, Manong?

— Mara tatu. Kwa maji ya moto na siki.

— Basi. Kizuri chajiuza. Akanyoosha bakuli apakuliwe la nne.

Kapitan alihisi masikio yanawaka moto. Miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi wa meli; aliwapikia Wagiriki, aliwapikia Wanorwe, alimpikia hata fundi mitambo mmoja wa Mombasa aliyegoma kula chochote kisicho na nazi, na katika bahari zote hizo, ambazo alizivuka akiwa ameinamia vitunguu, hakuna aliyewahi kupakuliwa chakula kutoka chooni. Jina la Kapitan walimpa hapahapa kijiweni, kwa dhihaka. Jina lake ni Eleuterio Ragasa, na usukani aliowahi kuushika ni wa mwiko.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililotoka kanisani, padri aliyetangulia alipobadilisha viti. Liko kwenye kona, ubavuni mwa kibanda cha Manang Puring, mjini Vigan, kaskazini mwa Manila, na bado lina ule ubao wa kupigia magoti. Mahali bibi zao walipopiga magoti wakaungama, wanaume hawa hupandisha miguu wakasengenya. Konsehal ni Anacleto Pacleb, aliyegombea udiwani mara nne akaanguka mara nne, ikabidi kijiwe kimpe cheo bure. Breki ana gari la farasi la kutembeza watalii. Yeye na farasi wake, Heneral, wana breki moja, nayo ni ukuta wa kanisa. Manong ni kaka kwa heshima, na mkubwa wao ni Manong Moges, karani mstaafu wa mahakama, aitwaye Ushahidi. Alinukuu uongo wa watu kwa miaka thelathini na sita, na sasa haamini kwamba mvua inanyesha mpaka aone karatasi. Uji hakuugusa. Alikuwa ameomba kwanza kujua chombo kimetoka wapi.

— Mjue tu, alisema Konsehal, akiweka bakuli chini. Apo Pidiong yake angalau ilikuwa ya dhahabu.

Siku hiyo Apo Pidiong asingekosa kutajwa hata kama uji ungetoka kwenye sufuria ya heshima. Redio ya Manang Puring ilikuwa ikitangaza tangu alfajiri: huko Manila mifupa ya Rais Elpidio Quirino inahamishiwa leo makaburi ya mashujaa, miaka sitini kamili tangu afe. Rais wa pili baada ya bendera ya Wamarekani kushushwa. Mtoto wa Vigan, Mwilokano halisi, Apo Pidiong kwa watu wa kwao. Alizaliwa jela, baba yake akiwa bwana jela, na jela yenyewe haiko mbali na benchi. Heneral huipita kila siku bila kusimama, kama anavyopita kila kitu.

— Wenzake huanzia bungeni wakaishia jela, alisema Konsehal. Wetu alianzia jela. Aliokoa muda.

— Hata kufa alibana matumizi, alisema Kapitan, akishukuru kwamba mazungumzo yameachana na uji. Tarehe ishirini na tisa Februari. Mwilokano gani mwingine angepata siku nzuri kama hiyo? Watoto wanalisha watu wa dua mara moja kila miaka minne.

Walicheka. Nchi nzima inawacheka Wailokano kwa ubahili, nao wameona ni afadhali wajicheke wenyewe mapema, kicheko hakinunuliwi.

Redio ilisema neno shujaa kwa mara ya kumi, Konsehal akaiomba ithibitishe. Shujaa gani anawekwa kwenye foleni ya mashujaa miaka sitini? Akasema hiyo ndiyo sawasawa na ile barabara yenye jina lake kule Manila, magari yanasimama mpaka madereva wanaota ndevu. Noti ya peso hakuwekwa. Waliomtangulia wapo kwenye noti, na waliomfuata wapo. Yeye kapewa foleni.

Kisha akairudia poti. Marehemu baba yake, alisema, alimwambia kwa kinywa chake: ikulu kulikuwa na kitanda cha peso elfu tano, wakati ambao kwa peso hizo ungejenga nyumba na banda la ng'ombe, na chini ya kitanda poti ya dhahabu tupu. Ushahidi akakohoa. Akasema shauri hilo lilifikishwa Bungeni mwaka arobaini na tisa, kitanda na poti vyote vikatajwa, na kamati ikalitupa. Poti haikuletwa mbele ya mtu yeyote. Hakuna aliyeiona.

— Haikuonekana kwa sababu ilifichwa, alisema Konsehal. Lisemwalo lipo.

— Lipo wapi?

— Ndiyo nakwambia limefichwa.

Hapo Breki akaingia kwa mbio zake. Kwa maoni yake poti iliyeyushwa ikamiminwa kwenye kengele ya mnara wa kanisa la Bantay. Mtu mwenye masikio mazuri akisikiliza kengele ya alfajiri atasikia kwa mbali mlio wa kitu kinachochuruzika. Manang Puring akamwambia huo ni mlio wa Heneral. Kapitan akasema wote wawili hawawajui Wailokano wenzao. Mwilokano apate dhahabu kisha aikojolee? Angeifungia sandukuni, ufunguo akaumeza, yeye mwenyewe akatoka nje kwenye migomba kama baba yake na babu yake. Hoja hiyo hata Ushahidi aliiitikia kwa kichwa, ingawa haikuwa na karatasi.

Wakaupitia na uchaguzi wa mwaka uleule, ambao watu husema waliopiga kura ni pamoja na wafu, ndege na nyuki. Konsehal akasema yeye, katika mara nne zote, hakupata hata nyuki.

— Na yule jirani yako marehemu, Manong, uliyempelekea maua kaburini? aliuliza Breki.

— Alipigia upande wa pili.

Kapitan alicheka na wenzake, lakini jicho lake lilikuwa kwenye saa ya redio. Saa nne kasoro. Saa sita mchana binti yake Jovelyn, aliyekwenda Nagoya kuoka mikate miaka sita iliyopita, angeshuka na mchumba wake, anayekuja kumposa mbele ya wakubwa. Kijiwe kizima kilijua kwamba mchumba ni Mjapani aitwaye Shuhei, mwokaji mwenzake. Ambacho kijiwe hakikukijua ni kitu kimoja, na Kapitan alikuwa amepika uji ule tangu saa kumi na moja alfajiri, akaubeba mtaa mzima kwenye poti, ili apate ujasiri wa kukisema.

— Tuache poti, alisema. Hivi wale Wajapani, Apo Pidiong aliwasamehe kwa nini?

Hilo halikuhitaji kuelezwa kwa mtu wa benchi lile. Februari ya mwaka arobaini na tano, vita vilipopita Manila, askari wa Japani walimuulia mkewe na watoto watatu kati ya watano, mmoja bado mchanga. Miaka minane baadaye, akiwa Rais, mgonjwa, uchaguzi uko mlangoni, alitia saini kuwaachia wafungwa wa Kijapani zaidi ya mia waliokuwa jela ya Muntinlupa, na wengi wao walikuwa na damu mikononi.

Konsehal alikuwa na jibu tayari, kama kawaida yake. Aliwauza. Japani ilikuwa inadaiwa fidia ya vita, naye akataka meli na mashine. Akapanga maiti mezani, akaanza kunadi. Tena alidhani maaskofu, waliotaka msamaha, watampa kura.

— Akauza maiti za watu na uchaguzi akaanguka vilevile, alisema. Mimi nimeanguka mara nne, lakini sikumuuza mtu.

— Hukuwa na mtu wa kumuuza, alisema Manang Puring.

Ushahidi alisema, kwa sauti ileile aliyosomea hukumu, kwamba maneno ya Rais yapo kwenye karatasi. Rais alisema yeye ndiye angepaswa kuwa wa mwisho kuwasamehe, maana waliouawa ni wake. Alisema hataki watoto wake na watu wake warithi kutoka kwake chuki juu ya watu ambao kesho huenda wakawa marafiki.

— Aliandikiwa na karani, alisema Konsehal.

— Kila kitu huandikwa na karani. Mimi nilikuwa karani.

Breki akaweka bakuli chini, jambo ambalo lilikuwa halijatokea asubuhi yote. Akasema wote hawajagusa mzizi. Babu yake alikuwa na binamu aliyepeleka pamba ya godoro la kile kitanda cha peso elfu tano. Kitanda kipana, mtu mmoja. Kila usiku marehemu mke alikuja akalala upande wake, na watoto, na kila usiku akamuuliza mumewe, hawa Wajapani unawaweka mpaka lini, kwa maana nao wamekufa nusu, wanatufuata huku, hatupati nafasi. Basi yule mzee akawaachia waende kwao ili apate usingizi.

— Ushahidi? aliuliza Ushahidi.

— Pamba, Manong. Nimeshakwambia alipeleka pamba.

Konsehal hakukubali kushindwa kwa wingi wa uongo. Akasogea mbele, akashusha sauti. Poti na msamaha ni kitu kimoja, alisema, na hilo Bunge halikuliona. Poti ilitengenezwa kwa dhahabu ya Yamashita, ile ambayo majeshi ya Japani yaliizika kila kona ya nchi. Wafungwa ndio waliojua ilipozikwa. Poti ilikuwa kionjo; waachie, tukuonyeshe iliyobaki. Hapo benchi lote likatega masikio, maana hakuna mwanamume wa Vigan ambaye hajawahi kuchimba mahali kwa ajili ya dhahabu hiyo. Breki alichimba chini ya banda la Heneral akapata bomba la maji la manispaa. Ushahidi mwenyewe, ilijulikana, alichimba mara moja nyuma ya mahakama, kwa barua rasmi ya ruhusa.

— Kwa hiyo kwenu nyote, alisema Kapitan, mtu hawezi kusamehe ila awe mwizi, mwanasiasa au ameota ndoto mbaya.

— Wewe unaona kuna sababu nyingine? aliuliza Konsehal. Mtu akuulie mke na watoto? Ningekuwa mimi ningewaacha waoze, na funguo ningewapa panya. Aliyewasamehe wale si shujaa, ni bwege. Damu nzito kuliko maji.

Kapitan akaichukua poti, akaifunika kwa mfuniko wake wa maua, akaiweka kando kwa adabu.

— Nimemwambia Nanang kwamba mchumba ni Mkorea, alisema.

Nanang huyo ni mama yake, Apo Baldomera, ambaye mtaani wanamwita Apo Mera, mwenye miaka themanini. Mwaka arobaini na tano alikuwa na miaka tisa, wakiishi Ermita, Manila, baba yake akiwa seremala huko. Alasiri moja iliwatosha askari wa Japani kumwachia baba tu. Habari hiyo Kapitan aliijua kwa shangazi. Mwenyewe hakuwahi kuisimulia. Alichokijua Kapitan kutoka kwa mama yake ni kwamba katika nyumba yao hakuna mtu anayepanda ngazi na viatu. Utotoni alidhani ni kwa ajili ya sakafu. Alipokuwa na miaka kumi alipanda mbio na viatu vipya vya Krismasi, akamkuta mama yake amejibana nyuma ya kabati, na hakupigwa wala hakusemeshwa siku mbili.

Miezi mitatu iliyopita Jovelyn alipopiga simu ya picha, na yule kijana akainama mbele ya kamera mpaka kikaonekana kisogo, Nanang aliuliza, huyu anatoka wapi? Kapitan alifungua mdomo kusema Nagoya ikatoka Korea. Nanang anapenda tamthilia za Wakorea. Analia nazo kila siku baada ya chakula cha jioni. Kapitan aliona ndiyo njia. Lakini Nanang aliingiza mikono yake ndani ya shali, na tangu siku hiyo hajaitoa mbele ya mwanawe ila kwa kula na kusali.

Na mikono ndiyo yenyewe. Kwa watu wa huko, uchinje nguruwe, ulete bendi, uvishe ukumbi maua, mchumba lazima amwendee mkubwa wa nyumba, aushike mkono wake, auweke kwenye paji la uso wake. Mkono ukitolewa, umepokewa. Usipotolewa, unashukuru kwa chakula unaondoka. Mwaka sabini na tisa mchumba wa dada yake Kapitan aliinama mbele ya Nanang muda wa kutosha kusali rozari, na mkono ukabaki mfukoni. Dada yake hakuolewa na huyo, wala na mwingine.

Wakaanza kumsaidia, na msaada wa kijiwe ni kama mvua ya mawe. Breki akashauri kijana afundishwe maneno mawili matatu ya Kikorea kabla ya saa sita. Konsehal akasema apakwe harufu ya kabichi la kuchachusha wanalolipenda Wakorea, wazee huenda kwa pua. Ushahidi akataja hati ya kusafiria, kwamba ina nchi yake juu ya jalada, kwa herufi za dhahabu. Manang Puring, akiwa amewapa mgongo, akasema jambo moja tu: amwambie mama yake.

— Nimekaanga mayai kwenye dhoruba ambayo nahodha mwenyewe alikuwa anatubu, alisema Kapitan. Lakini hilo siliwezi, Manang.

Ili kubadilisha hewa, Breki akaifunua poti tena, akaigeuzageuza, akaonyesha ufa mwembamba uliounganishwa kwa gundi karibu na mshikio.

— Ona, umeuziwa bovu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Miaka yote Breki alipiga methali kama anavyopiga kona, bila kutazama, na hii ndiyo ya kwanza kufika ilipokuwa inakwenda. Hakujua. Kapitan alijua, akatazama kahawa yake.

Bajaji ikasimama. Basi la Manila lilikuwa limewahi, kwa mara ya kwanza tangu uhuru kama alivyosema Konsehal baadaye, na Jovelyn akashuka na mabegi mawili, nyuma yake mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye alama za kuungua mikononi, kama za Kapitan mwenyewe. Alimwinamia kila mmoja, pamoja na Heneral. Jovelyn akambusu baba yake, akamtazama usoni, na mtoto aliyelelewa na mzaha huujua unapokosekana.

— Tatang. Umemwambia Lilang?

Kapitan akatazama poti.

— Miezi mitatu, Tatang, alisema Jovelyn, kwa sauti ya chini. Miezi mitatu kila nikipiga simu unaniambia Lilang anamsubiri kwa hamu.

Kapitan akamweleza kwamba bibi yuko misa, atarudi saa tano, kuna muda. Jovelyn akauliza muda wa nini. Akakaa kwenye begi lake, mgongo kwa baba. Manang Puring akampa Shuhei kahawa na kumwonyesha mwisho wa benchi. Alikaa wima. Kiilokano alikuwa nacho, alichojifunza kwa Jovelyn mbele ya tanuri, na maneno mengi aliyoyajua yalihusu moto, haraka, na nani kaunguza.

Konsehal hawezi kuona mgeni akakaa kimya. Kabla hata kijana hajapuliza kahawa alikuwa ameshasimuliwa yote kwa sauti kubwa na mikono: jela, wafu wapiga kura, poti ya dhahabu, kitanda cha peso elfu tano, na jinsi Rais bwege aliyeuliwa mke na watoto alivyowaachia waliomuulia. Hilo la mwisho alilisema akimtazama usoni. Jovelyn alifumba macho. Shuhei alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kisha akatafuta maneno, moja moja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

— Usiku ule, baada ya kutia saini. Kwenye hicho kitanda. Alilala?

Konsehal akafungua mdomo. Kapitan alimwona akitafuta, kwa fidia, kwa maaskofu, kwa Yamashita, kisha akaliokota lile bakuli aliloliweka chini. Ushahidi alisema taratibu kwamba hilo halikuandikwa popote. Breki, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa na binamu wa babu ndani ya chumba kile, alishuka kwenda kumrekebishia Heneral hatamu ambayo haikuwa imelegea.

— Nani amepika kwenye arinola?

Apo Mera alikuwa amesimama nyuma ya benchi, mwavuli ukining'inia mkononi kwa ndani ya shali, rozari shingoni. Misa siku za kazi huwa fupi, na hilo Kapitan alikuwa amelisahau. Amesimama hapo tangu lini, hakuna aliyejua. Wanaume wote wakateremsha miguu kutoka kwenye ubao wa kupigia magoti.

— Ni mimi, Nanang.

— Nilijua ni wewe. Akazunguka benchi polepole, akasimama mbele ya mgeni, ambaye alikuwa ameshainuka. Akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, na kwenye viatu alikawia. Kisha akasema bila kugeuka: Terio. Huyu ndiye Mkorea wako?

Mzaha mmoja mzuri ulimjia Kapitan, mzuri kweli, wa kabichi. Ulifika kwenye ulimi. Alimtazama binti yake juu ya begi, akaumeza.

— Si Mkorea, Nanang. Ni Mjapani. Nilikudanganya.

— Najua. Alisema hivyo kama mtu anayeambiwa bei ya chumvi. Wale niliwatambua kwa mlio wa buti, kabla hawajafika kona. Huyu nimwone uso mzima kwenye simu nishindwe? Miezi mitatu nimekaa na wewe meza moja, nangoja uniambie. Nikasema, mwanangu ananiona mimi ni kikombe chenye ufa.

Kapitan akaisukuma poti chini ya benchi.

Kisha Apo Mera akazungumza na Shuhei, polepole, kama anayempa maagizo ya sokoni.

— Mama yangu Consorcia. Kaka yangu Amado. Mdogo wetu tulimwita Nitoy, alikuwa hajaanza kusema vizuri. Yataje majina yao.

Shuhei alimtazama Jovelyn, si kwa kuuliza maana, bali kuhakikisha kwamba ameelewa. Akavua viatu. Akavisogeza pembeni, akasimama kwa soksi kwenye vumbi la kona ile, mbele ya watu na farasi.

— Consorcia, alisema. Amado. Nitoy.

— Rudia huyo mdogo.

— Nitoy.

Redio ikamaliza habari ikaanza tangazo la mbolea, ndipo mkono ulipotoka kwenye shali, mdogo, mkavu, na alama ya rozari kwenye vidole. Haukunyooshwa sana. Shuhei alilazimika kuinama hasa kuufikia. Akauweka kwenye paji la uso, akakaa hivyo, na Apo Mera hakuuondoa haraka wala hakumpapasa. Jovelyn alikuwa amesimama, kiganja mdomoni. Kapitan alimwona mama yake akimtazama yule kijana kisogo, kilekile cha kwenye simu, kwa uso usiokuwa na upole wala ukali, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

Mkono ukarudi ndani ya shali. Konsehal alivumilia alivyoweza, na hakuweza sana.

— Kwa hiyo, Apo Mera, alisema, umewasamehe. Kama Apo Pidiong.

Bibi akamgeukia.

— Anacleto, sogea. Nataka kukaa.